Mchagua Fimbo Ndiye Mvuvi

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Mimi sina nia ya kubishana na wahenga, lakini leo nataka kuwaonyesha kazi moja ambayo methali hiyo haiingii hata kidogo. Kazi yenyewe ni kuvua samaki aitwaye besi kwa fimbo. Huko, asiyejua kuchagua chombo hurudi nyumbani mikono mitupu, na pengine mfuko mtupu pia.

Najua kuna atakayeuliza, "Majengo na uvuvi wapi na wapi? Sisi samaki wetu si wale wa Gikomba, mbuta na omena?" Ni kweli. Lakini Ziwa Naivasha liko umbali wa kilomita 90 hivi kutoka Nairobi, na vijana wengi wa Eastlands huenda huko kutafuta kazi katika mashamba ya maua na kwenye mashua. Mjomba wangu ni mmoja wao. Yeye huendesha mashua ya kuwapeleka wageni wanaotaka kuvua kwa fimbo. Mengi ninayoyaandika hapa nimejifunza kwake wakati wa likizo.

BESI NI NANI?

Kwanza nifafanue jina. Nikisema besi, sisemi basi la kwenda Eastleigh! Besi ni samaki wa maji baridi mwenye rangi ya kijani, mstari mweusi ubavuni, na kinywa kikubwa ajabu ambacho pembe yake hupita nyuma ya jicho. Asili yake ni Marekani. Aliletwa Naivasha mwaka wa 1929 ili watu wamvue kwa starehe. Kabla yake, mwaka wa 1925, walikuwa wameletwa ngege. Mwaka wa 1970 wakaletwa kamba wekundu wa maji baridi, nao pia wakawa chakula chake. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 ameingia samaki mwingine, kapi, ambaye baadaye alikuja kujaa nyavuni.

Ili uchague chombo vizuri, lazima ujue tabia ya unayemtafuta. Besi si samaki wa kuzurura. Yeye hujificha kama mwizi kichochoroni: kando ya mafunjo, chini ya gugumaji au penye mti uliozama. Kitu kikipita karibu, humeza ghafla, kisha hukimbilia mle mle kwenye magugu. Kwa hivyo fimbo yako inahitaji kufanya mambo matatu: kutupa chambo kidogo mahali hasa ulipolenga, kuingiza ndoana kwenye mdomo mgumu, na kumzuia samaki asirudi mafichoni.

VYOMBO VINNE, FAMILIA MOJA

Siku moja nilimuuliza, "Mjomba, kwani fimbo si fimbo tu?"

Akacheka. "La, mpwa wangu. Fimbo, rili, mshipi na chambo ni familia moja. Mmoja akikosana na wenzake, nyumba nzima haina amani."

Maneno hayo ndiyo kiini cha makala haya. Rili ni kile kigurudumu chenye mkono wa kuzungusha, kinachohifadhi mshipi na kuuvuta. Mshipi, ndoana, chambo na chubwi ni maneno ya wavuvi wa pwani ambayo sisi wanachama wa chama cha Kiswahili hatuna budi kuyajua. Chubwi ni kipande cha risasi kinachozamisha mshipi.

Fimbo hufanya kazi kama manati. Unapoirudisha nyuma, uzito wa chambo huipinda, na inaponyooka hukitupa chambo mbele. Chambo kikiwa chepesi mno kwa fimbo nene, fimbo haipindi, basi chambo kinaanguka hapo miguuni. Chambo kikiwa kizito mno kwa fimbo nyembamba, fimbo inaweza kukatika. Ndiyo sababu fimbo nyingi za dukani zimeandikwa karibu na mpini urefu wake, nguvu ya mshipi unaoifaa kwa paundi, na uzito wa chambo kwa gramu au aunsi. Aunsi 1 ni gramu 28 hivi, na paundi 10 ni kama kilo 4 na nusu. Kusoma maandishi hayo ni muhimu kuliko kutazama rangi.

Sasa niwape kisa cha kweli. Kuna kaka mmoja wa mtaa wetu aliyemaliza Kidato cha Nne akakosa karo ya chuo. Mjomba alikubali kumchukua awe msaidizi wake, kwa sharti moja: aje na fimbo yake mwenyewe. Kaka huyo alibeba mizigo sokoni miezi mitatu, asubuhi hadi jioni, akiweka akiba kidogo kidogo. Kisha akanunua fimbo ya mitumba, ndefu na nene, yenye kung'aa, na rili ndogo kando. Muuzaji alimwambia, "Hii ni ya nguvu, brathe, haitavunjika maisha." Hilo halikuwa uongo. Haikuvunjika. Lakini ilikuwa fimbo ya baharini, ya kutupa chubwi kubwa kutoka ufukoni. Alipofunga chambo cha gramu 7 kule Naivasha, hakikufika hata hatua kumi. Samaki wa kwanza alipokamata, mshipi mwembamba ulikatika, kwa sababu fimbo ilikuwa ngumu kama rungu na haikupinda kumpunguzia mshipi nguvu. Mjomba hakuweza kumwekea mgeni fimbo kama hiyo mkononi. Miezi mitatu ya jasho ikapotea hivyo, na kaka akarudi kubeba mizigo. Sasa anachanga upya.

NGUVU NA MPINDO WA FIMBO

Fimbo zina nguvu tofauti: nyepesi, ya wastani, ya wastani kuelekea nzito, na nzito. Mara nyingi utaona herufi M kwa ile ya wastani na MH kwa ile inayoelekea uzito. Kwa besi, hizo mbili ndizo zinazotumika zaidi. M hufaa kwenye maji ya wazi. MH hufaa penye mafunjo na gugumaji, ambako lazima umng'oe samaki haraka kabla hajajifunga.

Mpindo ni jambo jingine, na wengi huuchanganya na nguvu. Mpindo ni mahali fimbo inapoanzia kupinda. Fimbo ya mpindo wa haraka hupinda nchani tu. Hii ni nzuri kwa chambo chenye ndoana moja, kama vile mnyoo wa mpira au kamba wa bandia, kwa sababu ukivuta tu, ndoana inaingia. Fimbo ya mpindo wa polepole hupinda hadi katikati. Hii hufaa chambo cha samaki wa bandia chenye ndoana nyingi ndogo, kwa maana hailazimishi ndoana zikachana mdomo.

Urefu nao? Futi 6 na nusu hadi 7 hutosha, yaani mita 2 na kidogo. Fupi zaidi hulenga vizuri lakini haifiki mbali. Ndefu zaidi hufika mbali lakini inasumbua ndani ya mashua, hasa mkiwa watatu.

Kuhusu kilichotumika kuiunda, fimbo za nyuzi za kioo ni nzito kidogo, lakini ni ngumu kuvunjika na bei yake ni nafuu. Zile za kaboni ni nyepesi na mkono husikia hata samaki akigusa tu, lakini ukiigonga kwenye mlango wa matatu, kwaheri. Kwa mwanafunzi anayeanza, ya nyuzi za kioo au ile iliyochanganywa si aibu.

AINA ZA RILI

Rili ya kwanza ni ile inayoning'inia chini ya fimbo. Bobini yake, mfano wa ile ya cherehani lakini kubwa, haizunguki unapotupa. Mshipi hutoka wenyewe kwa kujikunjua. Ni rahisi kujifunza na hutupa vyambo vyepesi, hata vya gramu 5.

Ya pili ni ile inayokaa juu ya fimbo, nayo bobini yake huzunguka unapotupa. Ina nguvu, hubeba mshipi mnene na hulenga vizuri sana. Lakini usipoizuia kwa kidole gumba, bobini hukimbia kuliko chambo na mshipi hufumana kama kiota cha ndege. Nimeona mgeni mzima akikaa nusu saa akifumua mshipi huku wenzake wakivua. Hii si ya kuanzia.

Kuna na ya tatu, yenye kifuniko na kitufe cha kubonyeza. Watoto huipenda kwa urahisi wake, ila nyingi hazina breki nzuri.

Tahadhari kubwa: kila rili ina fimbo yake. Fimbo ya rili ya kuning'inia ina pete kubwa karibu na mpini, na pete hutazama chini. Fimbo ya rili ya kukaa juu ina pete ndogo zinazotazama juu, na mara nyingi kwenye mpini kuna kijino cha kushikia kidole. Usikubali kuuziwa mume wa huyu na mke wa yule.

Kwenye rili utaona pia namba kama 6.2:1. Maana yake, ukizungusha mkono mara moja, mshipi huzungushwa mara 6.2. Namba ikiwa kubwa, rili inavuta kwa kasi. Karibu 6 ni ya kazi nyingi.

Mwisho kuna breki, ambayo huachilia mshipi samaki anapovuta sana ili usikatike. Ifunge kwa robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi. Mshipi ukiwa wa paundi 10, njia ya kimtaani ni hii: funga mfuko wenye sukari kilo 1 na nusu kwenye mshipi, shika rili yenyewe, inua. Mshipi ukianza kutoka polepole bila kurukaruka, breki ni sawa.

KUKAGUA VYA MITUMBA

Wengi wetu hatutanunua vipya, tusidanganyane. Basi ukienda mitumbani, beba pamba kidogo. Ipitishe ndani ya kila pete ya fimbo. Ikinasa, pete ina ufa, na ufa huo utakata mshipi kama wembe. Pili, tazama ncha. Fimbo iliyokatika ncha ikabandikwa pete upya si fimbo ile tena, mpindo wake umebadilika. Tatu, unganisha vipande vyake na uvitikise. Visiwe vinacheza. Nne, zungusha rili karibu na sikio lako. Ikisaga kama kinu cha posho, iache. Tano, mshipi wa zamani utupe, ununue mpya, na usiujaze bobini hadi ukingoni. Acha nafasi ya milimita 3 hivi.

Kama mtu angeniuliza kwa neno moja anunue nini mwanzo, ningemjibu hivi: fimbo ya futi 6 na nusu hadi 7, nguvu M, mpindo wa haraka, rili ya kuning'inia ya saizi ya 2500 au inayokaribia, mshipi wa nailoni wa paundi 8 hadi 10, na vyambo vya gramu 7 hadi 14. Ya mafunjo aje ainunue baadaye, akishapata kipato.

SI PESA PEKE YAKE

Kuna sababu nyingine ya kuchagua vizuri. Mshipi dhaifu ukikatika, samaki huenda na ndoana mdomoni, na mshipi hubaki kwenye mafunjo ukingoja miguu na mabawa ya ndege kama mwari na mnandi. Aidha, samaki akipiganishwa muda mrefu kwa chombo hafifu huchoka, na hata ukimwachilia anaweza kufa. Besi mdogo anapaswa kurudishwa ziwani akiwa hai. Tukimaliza wadogo, watoto wetu watamwona besi kwenye picha tu, na wenye mashua kama Mjomba watawapeleka wageni kuvua nini?

Kabla sijaweka kalamu chini, nikumbushe mawili. Kuvua kwa fimbo pia kunahitaji leseni, kwa hivyo pitia ofisi ya uvuvi kwanza. Na viboko wa Naivasha hawana mzaha. Usisimame peke yako ukingoni jioni ati kwa sababu samaki wanakamata.

Basi wenzangu, jembe mnaweza kulichukua lolote mkalime. Lakini fimbo ya besi, isome, ipinde, ipitishie pamba, uipatanishe na rili, mshipi na chambo chake, ndipo utoe pesa zako. Cha rahisi huwa ghali, na jasho la mtu wa Majengo si la kumwagwa ziwani. Wasalaam.