Istilahi za Mimba ya Mapacha wa Yai Moja

Katika makala haya tunakusudia kuchambua istilahi chache zihusuzo mimba ya mapacha, hasa zile ambazo zikikosewa huweza kumhatarisha mama na wanawe. Tuchukue mfano wa Rubwera, makao makuu ya Wilaya ya Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Huko Kinyambo ni lugha ya nyumbani, na Kiswahili ni lugha ya kliniki. Mama apewapo rufaa ya kwenda Bukoba au Mwanza, maelezo atakayopewa yampasa kuyaelewa sawasawa.

Istilahi ya kwanza ni "mapacha wanaofanana". Hii yaeleza sura, nayo sura huonekana baada ya kuzaliwa. Mganga ahitaji kujua jambo jingine: je, kondo la nyuma ni moja au ni mawili? Takribani theluthi mbili ya mapacha wa yai moja hushiriki kondo moja, na hao ndio wakabiliwao zaidi na matatizo mazito. Kwa hiyo twapendekeza kutenganisha dhana tatu: mapacha wa yai moja, mapacha wa kondo moja, na mapacha wa chupa moja, yaani walio katika mfuko mmoja wa maji. Idadi ya makondo hutambulika vyema kwa ultrasaundi kati ya wiki ya 11 na ya 14.

Dhana ya pili ni ugonjwa uwapatao mapacha wa kondo moja, kiasi cha mimba 10 hadi 15 katika kila 100. Mishipa iliyoungana kondoni hupeleka damu kwa pacha mmoja kupita kiasi. Mfasiri afuataye neno kwa neno ataandika "kuongezewa damu". Lakini kwa mama, kuongezewa damu ni tiba! Kumbe wote wawili wamo hatarini: mtoaji hupungukiwa maji, na moyo wa mpokeaji huelemewa. Twapendekeza "uhamaji wa damu baina ya mapacha".

Ugonjwa huu hutafutwa kwa ultrasaundi kila wiki mbili, kuanzia wiki ya 16. Tiba yake kuu ni kuziba mishipa hiyo kwa leza, kazi ifanywayo katika vituo vichache vyenye wataalamu. Pengine hupunguzwa maji, au watoto huzalishwa mapema.

Barua isemayo "mapacha, kondo moja, chupa mbili" ina maneno matano tu, lakini humjulisha aipokeaye ni hatari ipi aitafute.