Misuli ya Mguu kwa Mchoraji wa Wanamichezo

Mguu wa mwanamichezo hutambulika katika mchoro kwa msuli unaofanya kazi wakati huo. Kuvimbisha kila msuli huuharibu mchoro. Wachoraji wa Morogoro wana mahali pazuri pa kuliona hilo: njia ya kutoka mjini, takribani mita 500 juu ya usawa wa bahari, hadi Morningside, jengo la enzi za Wajerumani kwenye mteremko wa milima ya Uluguru. Mguu unaopanda njia hiyo haufanani na mguu unaoishuka.

Mbele ya paja kuna misuli minne inayonyoosha goti, mmoja ukiwa umefichwa chini ya wenzake. Kati ya mitatu inayoonekana, wa nje huishia juu zaidi ya goti, na wa ndani huteremka hadi kando ya pia ya goti, ukafanya tuta la mviringo. Pande hizo mbili zikichorwa kwa usawa mmoja, goti huwa kama la mwanasesere. Nyuma ya paja ipo misuli mitatu ya kukunja goti: mmoja hushukia upande wa nje, miwili upande wa ndani. Kano zake hushikika kwa vidole mtu akikunja goti, na kati yake pana bonde.

Shavu la mguu lina vichwa viwili, cha ndani kikishuka chini kuliko cha nje. Kwenye kifundo mambo hugeuka: mfupa wa ndani uko juu, wa nje uko chini. Mishazari hiyo miwili inayopingana huupa mguu mwendo hata kabla ya kivuli kutiwa. Upande wa ndani wa ugoko hauna msuli. Mfupa umefunikwa na ngozi tu, kwa hiyo mstari wake huchorwa safi kutoka goti hadi kifundo.

Katika kupanda, matako na misuli ya nyuma ya paja huusukuma mwili, na shavu la mguu hujikaza kuinua kisigino. Hapo mpaka kati ya nyama na kano ya kisigino hujichora waziwazi. Katika kushuka, kazi kubwa ni ya misuli ya mbele ya paja, inayozuia mwili huku yenyewe ikirefuka. Ndiyo maana mapaja huuma siku inayofuata. Wanawake wanaoshusha ndizi na mboga kichwani kutoka vijiji vya mlimani hubaki na kiwiliwili wima, na magoti ndiyo yanayoupokea mteremko.

Unene nao hufuata mchezo. Mkimbiaji wa mita 100 ana mapaja mazito. Wa masafa ya kati, kama Filbert Bayi aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974, huchorwa kwa misuli mirefu na myembamba. Lakini hata msuli mnene hulegea usipofanya kazi: kwa mchezaji aliyesimama akisubiri mpira, goti likiwa limenyooka, misuli ya mbele ya paja hulegea na nyama hujikunja kidogo juu ya pia.