KABLA YA KIKUNDI KUNUNUA CHOMBO CHA MUZIKI: Gani Rahisi Kujifunza, Gani Ngumu?



Kila mara kikundi kinapouza kuku au mavuno na kubakiwa na pesa kidogo, swali hili huletwa ofisini kwetu: "Tunataka chombo cha muziki. Tununue gani?" Swali ni zuri. Vikundi vyetu vinaimba kwenye harambee, kwenye matanga, kwenye siku ya wakulima na Jumapili kanisani. Lakini jibu tulilokuwa tukitoa zamani halikuwa zuri. Kwa hivyo leo tutaanza kwa kukubali kosa letu.

Kinanda chini ya kitanda

Kikundi kimoja cha akina mama na vijana kilichanga pesa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Waliuza mayai, wakauza miche, wakalima mashamba ya watu kwa kibarua. Shabaha yao ilikuwa kinanda cha stima. Walipotuuliza, tulisema kinanda ni kizuri, nunueni. Tulisahau kuuliza jambo moja tu: nani atakipiga?

Kulikuwa na kijana mmoja aliyejua kidogo. Kwa miezi michache mambo yalikwenda vizuri. Kisha kijana akapata kazi Nairobi, akaenda zake. Hakuna mwingine aliyekuwa amejifunza, maana kila walipokutana yeye ndiye alikuwa anapiga na wengine wanasikiliza. Kinanda kikafungwa kwa gunia, kikawekwa chini ya kitanda cha mweka hazina. Halafu maneno yakaanza: ati mweka hazina anakikodisha kwa siri, ati vijana wamekula jasho la akina mama. Wengine wakaacha kuja mikutanoni. Kikundi kilibaki kidogo tu kivunjike.

Tulipowatembelea, nyanya mmoja, mpigaji ngoma wa siku nyingi, alituambia: "Watoto wangu, mtoto hafundishwi kutembea kwa kununuliwa baiskeli." Tulinyamaza. Alikuwa amesema kweli, na pia yeye hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza.

Tangu siku hiyo hatuulizi tena "chombo gani kina sauti tamu?" Tunauliza: "Baada ya mwaka mmoja, ni watu wangapi hapa watakuwa wanakipiga?"

Ugumu ni wa aina nne

Mtu akikuambia "gitaa ni ngumu" au "ngoma ni rahisi", hajakuambia mengi. Ni afadhali kupima mambo manne:

1. *Sauti ya kwanza.* Je, mwanafunzi atapata sauti nzuri siku ya kwanza, au baada ya wiki nyingi?

2. *Mahali pa noti.* Je, chombo chenyewe kinaonyesha noti iko wapi, au ni sikio lako peke yake linalokuongoza?

3. *Kazi nyingi kwa pamoja.* Je, mikono yote miwili inafanya kazi moja, au kila mmoja una kazi yake? Je, unatakiwa kuimba pia?

4. *Utunzaji na mwalimu.* Nani atakaza nyuzi? Nani atanunua betri? Nani karibu nanyi anaweza kufundisha?

Chombo kinaweza kuwa rahisi kwa jambo moja na kigumu kwa jingine. Sasa tuvipime.

Kayamba na ngoma

Kayamba ilitoka kwa ndugu zetu wa Pwani, na siku hizi iko karibu kila kwaya. Ni matete yaliyofungwa pamoja, na mbegu ndani. Sauti ya kwanza unaipata dakika ile ile unapoitikisa. Hakuna noti za kutafuta. Mama aliyezoea kupepeta mahindi kwa uteo tayari ana mikono ya kayamba.

Ugumu wake umejificha. Karibu kila mwanafunzi ana kosa moja: anaongeza mwendo. Wimbo unaanza polepole, ukifika ubeti wa tatu watu wanakimbia na wazee wanaishiwa pumzi. Kayamba tatu zikikimbia, kwaya nzima inavutwa. Dawa yake ni kufanya mazoezi bila kuimba, mmoja akipiga makofi ya mwendo ule ule kwa dakika tano bila kubadilisha. Inachosha, lakini inasaidia kweli.

Ngoma ni hivyo hivyo, ila imezidi. Huku magharibi tunaijua isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka. Ngoma zake zinaitwa kama jamaa moja: baba, mama na mtoto. Mwanafunzi anaweza kupewa sehemu moja fupi inayorudiwa, akaishika kwa siku chache. Lakini kuishikilia sehemu yako wakati mwenzako anapiga tofauti kando ya sikio lako, hapo ndipo kazi ilipo. Na kuongoza ngoma hizo ni kazi ya miaka.

Kwa hivyo tusidharau ngoma. Ni rahisi kuanza na ni ngumu kumaliza. Kwa kikundi hiyo ni faida kubwa, kwa sababu watu kumi wanaweza kuanza siku moja, na anayependa sana bado ana njia ndefu mbele yake. Tena fundi wake yuko kijijini, na pesa mtakayomlipa itabaki kijijini.

Filimbi ya shule

Ile filimbi ya plastiki ambayo watoto wengi hujifunza shuleni ina matundu saba mbele na moja nyuma la kidole gumba. Bei yake ni ndogo, haihitaji betri, na noti ziko mahali pake. Shida yake ni pumzi. Mwanafunzi hupuliza kama anawasha moto wa kuni mbichi, na filimbi inapiga kelele. Inataka pumzi ndogo, kama ya kupoza uji wa mtoto. Jambo la pili ni kuziba matundu sawasawa. Tundu likibaki wazi kidogo tu, sauti inaharibika. Mtoto akifanya mazoezi kila siku, baada ya wiki chache atapiga wimbo mfupi. Kumbuka tu kwamba anayepuliza hawezi kuimba.

Gitaa

Gitaa ina nyuzi sita, na vijana wetu wanaipenda. Hapa magharibi ina historia: George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, alijulikana kwa mtindo wa omutibo, akipiga gitaa moja ya mbao kama kwamba watu wawili wanapiga.

Ugumu wake mkubwa uko mwanzoni. Wiki za kwanza ncha za vidole zinauma, kwa sababu nyuzi ni kama waya. Wengi huacha hapo hapo wakidhani hawana kipaji. Si kipaji, ni ngozi! Inahitaji muda kuwa ngumu, kama mkono wa mtu aliyeshika jembe mara ya kwanza. Baada ya hapo kuna kujifunza kukamata nyuzi kadhaa pamoja ili zitoe sauti zinazopatana. Wanamuziki wanaita kodi (si ile ya serikali). Habari njema ni kwamba nyimbo nyingi zinahitaji kodi tatu tu. Mtu anayejitahidi kila siku anaweza kuongoza wimbo rahisi baada ya miezi michache, na anaweza kuimba akipiga.

Ubaya mwingine ni kwamba nyuzi hulegea. Lazima kikundi kiwe na mtu mwenye sikio la kuzikaza kila siku kabla ya kuanza. Nyuzi pia hukatika, basi wekeni akiba ya pesa ya kuzinunua.

Kinanda

Hapa ndipo wengi tunadanganyika. Kwa jambo la kwanza na la pili, kinanda ndicho rahisi kuliko vyote vyenye noti. Bonyeza, noti inatoka safi. Hakuna kidole kuuma, hakuna uzi kulegea. Hata mtoto wa miaka mitano atatoa sauti sawa na ya mwalimu.

Ugumu unaanza mkono wa pili unapoingia. Mkono wa kulia unapiga wimbo, wa kushoto unapiga noti za chini, na kila mmoja una mwendo wake. Jaribu kupapasa tumbo lako kwa mkono mmoja huku unagonga kichwa kwa mwingine, utaelewa. Watu wengi hukaa hapo miezi. Wengine hukwepa kwa kuwasha ule mdundo wa mashine, na kwaya inabaki kuifuata mashine.

Kwa jambo la nne kinanda ni kigumu kabisa. Kinataka stima au betri, na vumbi na panya ni maadui zake. Tena kiko kimoja, kwa hivyo mtu mmoja anajifunza na ishirini wanangoja. Tulichokosea sisi ni kuangalia sauti ya kwanza tu.

Tarumbeta, orutu na nyatiti

Tarumbeta tumeisikia kwa bendi za ndugu zetu wa Jeshi la Wokovu, waliofika Kenya mwaka 1921. Ina vibonyezo vitatu tu, na watu hudhani ni rahisi. Kumbe sauti inatengenezwa na midomo, si vibonyezo. Midomo inatetemeka, na kwa kuikaza au kuilegeza unapata noti tofauti hata kama vidole havijasogea. Wengine hukaa siku nyingi wakitoa upepo tu.

Orutu ya Waluo ina uzi mmoja, na mtu huambiwa, "Uzi mmoja, utanishinda nini?" Lakini hakuna alama inayoonyesha noti iko wapi. Kidole kikikosea kidogo tu, noti inalia vibaya, na ni sikio pekee la kukuambia. Pia kuna upinde wa kusugua uzi.

Nyatiti ina nyuzi nane, zimegawanywa kati ya mkono wa kushoto na wa kulia. Mpigaji huvaa pete ya chuma kwenye kidole cha mguu na kugonga mbao, njuga zikilia mguuni, na wakati huo huo anaimba. Hizo ni kazi nne kwa mtu mmoja. Zamani ilikuwa ya wanaume peke yao. Lakini katika miaka ya 2000 mwanamke wa Kijapani, Eriko Mukoyama, anayejulikana kwa jina Anyango, alikuja kujifunza huko Siaya, na sasa anaipiga mbele ya watu. Basi binti zetu wasiambiwe kwamba haiwezekani.

Vyombo hivi tusivinunue kwa haraka, lakini tusiviache vife. Kama kijijini kuna mzee anayevijua, mpeni vijana wawili wakae naye. Hapo mwalimu ndiye mali kuliko chombo.

Je, kanisani ni lazima kinanda?

Wengine hutuambia bila kinanda Misa haipendezi. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya Liturujia, iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963, inakiheshimu sana kinanda kikubwa cha mabomba. Lakini inasema pia kwamba muziki wa asili wa mataifa upewe heshima yake, na kwamba vyombo vingine vinaweza kukubaliwa kwa idhini ya wenye mamlaka, mradi vifae kwa ibada. Basi mwulizeni padre wenu, msione haya kwa ngoma zenu. Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa.

Kikundi kifanye nini?

- Kabla ya kuchanga hata shilingi, hesabuni walimu walio karibu: wazee, walimu wa shule, katekista.

- Azimeni chombo kwa mwezi mmoja. Anayeacha baada ya wiki mbili ameacha bila hasara.

- Anzeni na vyombo ambavyo wengi watapiga, kisha ongezeni kile cha mmoja.

- Kwa kila chombo wafundishwe watu watatu au zaidi, wanaume kwa wanawake. Mmoja akihama, kazi isife.

- Mazoezi yawe mafupi na ya kila siku. Dakika ishirini kila jioni zinashinda saa tatu za Jumamosi moja.

- Andikeni kwenye kitabu cha kikundi chombo kinakaa kwa nani, nani amekichukua na lini amekirudisha.

Kile kikundi tulichotaja hakikuvunjika. Walikutana, wakasema yaliyokuwa moyoni, nasi tukaomba msamaha mbele yao. Kinanda kilitolewa chini ya kitanda, mweka hazina akaonyesha kwamba hata kamba ya gunia ilikuwa haijafunguliwa, na mama mmoja aliyekuwa amemsema vibaya akamshika mkono. Walichagua wasichana wawili na mvulana mmoja wafundishwe na mwalimu wa shule ya jirani. Yule nyanya akapewa wengine wote, awafundishe ngoma na kayamba. Mwezi wa kwanza haukuisha kabla hawajapiga kwenye arusi. Wale wa kinanda walikuwa bado wanahangaika na mkono wa kushoto.

Maswali ya kuzungumzia kikundini

1. Ni chombo gani cha kikundi chetu, cha muziki au cha kazi, ambacho kinajulikana na mtu mmoja tu? Akiondoka leo itakuwaje?

2. Ni nani kijijini anayejua muziki ambaye hatujawahi kumwuliza?

3. Tunanunua ili tuonekane, au ili tujifunze?

Jadilini, mpatane, ndipo mchange. Mungu awabariki katika kazi yenu.