Kompyuta ya Kuhariri Video za HD: Usharika Uchague Ipi?



Siku hizi kwaya nyingi zinapenda kurekodi nyimbo zao kwa video, na wafadhili wetu hufurahi kuona kwa macho yao visima na madarasa waliyochangia. Kwa hiyo maombi ya kununua kompyuta ya kuhariri video yanazidi kufika mezani kwangu. Makala hii inaeleza mambo ambayo kamati inapaswa kuyajua kabla ya kutoa fedha za waumini.

Tulikosea wapi

Usharika mmoja wa eneo la Murusagamba ulifanya harambee, ukanunua kompyuta iliyotumika yenye kioo kikubwa na sura nzuri. Mimi ndiye niliyeidhinisha ununuzi huo. Ilikuwa na RAM ya gigabaiti 4 tu, na kila video ya HD ilipofunguliwa picha ziligoma. Baya zaidi, diski yake iliharibika baada ya umeme kukatika ghafla. Humo tulikuwa tumehifadhi, bila nakala nyingine, ushuhuda wa mzee mmoja wa kanisa kuhusu jinsi wenyeji wa Ngara walivyowapokea wakimbizi wa Rwanda, ambao takriban 250,000 walivuka mpaka kwa muda wa siku moja hivi mwishoni mwa Aprili 1994. Mzee huyo amekwisha kulala katika Bwana. Ushuhuda wake hatutaupata tena.

Kwa nini HD ni nzito

Picha moja ya DVD ina nukta 720 kwa 576. Picha ya HD kamili ina nukta 1920 kwa 1080, yaani mara 5 zaidi, na kila sekunde moja hupita picha 25 au zaidi. Ili zienee kwenye kadi, kamera huzibana: huhifadhi picha chache nzima, na kwa nyingine huandika mabadiliko tu. Unapohariri, kompyuta hulazimika kuzijenga upya picha hizo papo hapo. Ndiyo maana mashine inayoandika barua vizuri inaweza kushindwa na video.

Vitu vya kuangalia

1. Prosesa. Ndiyo inayofanya hesabu hizo. Tafuta yenye viini 6 au zaidi. Kwa mashine iliyotumika yenye prosesa ya Intel, isiwe chini ya kizazi cha 8, kwa kuwa Windows 11 hudai hivyo, na Microsoft ilisimamisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025.

2. RAM. Gigabaiti 16. Ikiwa fedha ni kidogo, nunua yenye 8 inayoweza kuongezwa baadaye.

3. Diski. Kazi inayoendelea ikae kwenye SSD ya gigabaiti 500 au zaidi. Kamera inayorekodi megabiti 24 kwa sekunde hujaza karibu gigabaiti 11 kwa saa. Kamera mbili zikirekodi kwaya kwa saa 4, tayari ni gigabaiti 86.

4. Kadi ya picha. Yenye kumbukumbu yake ya gigabaiti 4 inasaidia sana, lakini isitangulie RAM na SSD katika bajeti.

Programu isiwe kikwazo. Kdenlive na Shotcut ni za bure. Kompyuta ikilemewa, programu hizi huweza kutengeneza nakala nyepesi za video kwa ajili ya kuhariri, kisha zikatumia zile halisi wakati wa kutoa kazi ya mwisho.

Umeme na vumbi

Tuseme usharika una sola yenye betri moja ya asidi ya volti 12, Ah 100. Nguvu inayofaa kutumika bila kuiua betri ni kama nusu, yaani wati-saa 600. Kompyuta mpakato inayokula wati 100 itafanya kazi takriban saa 5. Ya mezani inayokula wati 300 haitafikisha saa 2. Kwa sharika zinazotegemea sola, ushauri wangu ni mpakato. Penye umeme wa gridi, ya mezani hutoa nguvu zaidi kwa bei ileile na hutengenezeka kwa urahisi, ila lazima iwe na UPS. Wakati wa kiangazi funika mashine isipotumika, na feni zisafishwe kila baada ya miezi michache.

Kabla ya kulipa

Kamati ipate ankara kifani tatu, na mhariri aende na video ya kwaya kwenye flashi aijaribu dukani. Katika bajeti iweke pia diski mbili za nje: moja ikae ofisini, nyingine nyumbani kwa mchungaji. Tukumbuke yule ajengaye mnara katika Luka 14:28, ambaye huketi kwanza akahesabu gharama.

Kwa wafadhili wetu: mkiona diski mbili na UPS katika maombi ya usharika, msizihesabu kuwa anasa. Laiti tungekuwa nazo, sauti ya mzee wetu ingekuwepo hadi leo.