Kwa nini bustani za Muscat huchanua wakati wa baridi, lakini tulip hugoma?

Mwezi Julai, bustani nyingi za nyumbani mjini Muscat, Oman, huwa kimya. Joto la mchana hufika nyuzi 40 za Selsiasi na hata kupita, na inayobaki na uhai ni mitende, miarobaini na mibogenvilia.

Rudi kwenye ua huohuo Januari. Petunia za zambarau zimemwagika kutoka kwenye vyungu, na marigold za njano zimejipanga kando ya ukuta.

Mji usioijua theluji unapataje maua ya baridi?

Jibu ni kwamba maua yanayouzwa kwa jina hilo si ya aina moja. Yapo makundi matatu, na kila kundi linaitaka baridi kwa sababu yake. Mwenye bustani asiyeyatofautisha hupoteza hela, maji na miezi ya kusubiri.

Kundi la kwanza: yanayokimbia joto

Hili ndilo lililojaa Muscat. Petunia ina asili ya Amerika Kusini na ni ya ukoo mmoja na nyanya na tumbaku. Marigold ilitoka Mexico.

Ulaya, yote mawili hupandwa kama maua ya kiangazi, kwa sababu barafu ya majira ya baridi huyaua. Muscat mambo ni kinyume: kinachoua ni kiangazi chenyewe. Januari ya Muscat huwa na wastani wa nyuzi 25 hivi mchana na 17 au 18 usiku, hali inayofanana na kiangazi cha sehemu nyingi za Ulaya.

Kwa hiyo petunia haihitaji baridi. Inahitaji tu joto liiachie nafasi.

Shida kubwa huwa usiku. Mchana mmea hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua. Usiku huitumia sukari hiyo kupumua na kukua. Usiku ukiwa wa moto, mmea hupumua kwa kasi na kula akiba yake, na kinachobaki kwa ajili ya maua ni kidogo. Matumba hukauka au kudondoka kabla ya kufunguka, hata kama umemwagilia kila siku.

Ndiyo maana kalenda ya Muscat iko hivi:

• Septemba na Oktoba: mbegu husiwa kivulini.
• Mwisho wa Oktoba hadi Novemba: miche huhamishiwa bustanini au kwenye vyungu.
• Desemba hadi Machi: maua hushamiri.
• Aprili kuendelea: joto hurudi na mimea huanza kuchoka.

Anayenunua miche Mei kwa sababu imeshuka bei ananunua maua ya wiki chache tu.

Kundi la pili: yanayosubiri usiku mrefu

Poinsetia, ule mmea wa majani mekundu unaouzwa sana wakati wa Krismasi, huangalia saa zaidi ya kipimajoto. Wekundu wake si petali bali ni majani maalumu yanayozunguka vijiua vidogo vya katikati. Majani hayo hubadilika rangi baada ya mmea kupata usiku mrefu, wa saa 12 au zaidi, kwa wiki kadhaa mfululizo.

Muscat iko karibu na Tropiki ya Kansa, hivyo Desemba mchana wake huwa chini ya saa 11. Hapo poinsetia hupata giza la kutosha. Kusini mwa Ikweta, usiku mrefu huja Juni, na ndiyo maana Afrika Kusini poinsetia za bustanini huwa nyekundu katikati ya mwaka.

Wengi hukosea hapa: wanaupanda mmea chini ya taa ya barazani inayowaka usiku kucha. Kwa poinsetia, taa hiyo ni kama mchana usioisha. Majani hubaki ya kijani, na mwenyewe analaumu mbolea.

Kundi la tatu: yanayodai baridi kweli

Tulip iko hapa. Kitunguu chake kinahitaji takribani wiki 12 hadi 16 za baridi iliyo chini ya nyuzi 9 ndipo ua lililo ndani likue vizuri na shina lirefuke. Kikikosa baridi hiyo hutoa majani tu, au ua fupi lisilofunguka.

Njia inayotumika kwenye nchi za joto ni friji. Vitunguu hukaa humo kwa wiki hizo zote, mbali na ndizi na matufaha, kwa sababu gesi inayotolewa na matunda yanayoiva huharibu ua changa. Baada ya hapo hupandwa katika kipindi cha ubaridi kuliko vyote. Hata hivyo, huchanua mara moja tu, na msimu unaofuata lazima ununue vingine.

Oman yenyewe ina sehemu yenye baridi ya kweli. Jabal Akhdar, kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000, halijoto ya usiku wa baridi huweza kushuka chini ya sifuri. Huko hustawi waridi maarufu ambao huchumwa kuanzia mwisho wa Machi hadi Mei, kisha hutengenezwa maji ya waridi yanayotiwa hata kwenye halwa.

Je, Dar, Zanzibar na Mombasa?

Pwani ya Afrika Mashariki haifikii ubaridi wa Januari ya Muscat, lakini ina kipupwe cha Juni hadi Agosti. Huo ndio muda wa kujaribu petunia na wenzake wa kundi la kwanza. Miche ihamishwe masika yakishapungua, kwa sababu mvua nyingi huchana petali na kuozesha mizizi. Chungu kiwe na matundu chini, na maua yaliyonyauka yakatwe ili mmea utoe mengine.

Wa Lushoto na Limuru wana nafuu zaidi, kwani ubaridi wa milimani huwapa msimu mrefu.

Ukifika kwenye kitalu, usiishie kuuliza kama ua ni la baridi. Uliza linataka nini hasa: kukimbia joto, kupata giza refu au kupozwa kwa miezi mitatu. La kwanza utalipata kwa kupanda mwezi sahihi. La pili, kwa kuzima taa. La tatu, kama huna nafasi kwenye friji, liache dukani.