Chapa za Mbao (3): Vibao Vilevile, Saa Tofauti

Wiki iliyopita tulimwacha Hiroshige kwenye barabara ya Tokaido, akiupa mji wa Kanbara theluji nzito ambayo wenyeji wake huiona kwa nadra. Leo tunasogea mbele karibu karne moja, kwa Mjapani mwenzake aliyesafiri mbali zaidi na ambaye, kwa maoni yangu, aliijua vizuri zaidi kazi ya msafiri anayechapa: Hiroshi Yoshida.

Alizaliwa Kurume, kisiwani Kyushu, mwaka 1876, akalelewa katika uchoraji wa Kizungu wa rangi za maji na za mafuta. Mwaka 1899 alivuka bahari kwenda Marekani na picha zake, na huko Detroit zikapata wanunuzi. Chapa alizishika kwa dhati akiwa amekwishapita miaka arobaini. Tetemeko la Septemba 1923 na moto uliofuata viliteketeza duka la mchapishaji wake jijini Tokyo pamoja na vibao vyake. Akaenda tena Marekani kuuza kazi zake, akakuta watu wa huko wana hamu kubwa ya chapa za Kijapani. Aliporudi mwaka 1925 alifungua karakana yake, akaajiri wachongaji na wachapaji, akaanza kutoa mandhari alizozipitia: Grand Canyon, Niagara, Matterhorn, Sphinx.

Tuingie karakanani. Daftari la safari hupokea lolote: wingu, kichaka, kivuli cha jiwe. Kibao cha mcheri ni kichaguzi. Kila mstari unaotaka uonekane lazima uachwe umesimama, na mbao yote iliyouzunguka ichimbwe. Mlima wenye nyufa elfu ukijaribu kuuchonga wote, utamaliza mwezi mzima na mwishowe wino utaziba nafasi zote ulizoziacha kati ya mistari. Ndiyo maana mtu aliyerudi safarini hana budi kwanza kukaa na michoro yake na kuamua ni nini kiende na kibaki nini. Hapo ndipo chapa nyingi za wasafiri huharibika, hata kabla patasi haijashikwa.

Kuna na suala la kushoto na kulia. Mchongaji wa Kijapani huchora kwenye karatasi nyembamba, akaibandika kifudifudi juu ya kibao, kisha akachonga akipitia karatasi hiyo. Mchoro uliopinduliwa kibaoni hupinduka tena unapochapwa, ukarudi sawa. Asiyejua hili na auchonge Kilimanjaro moja kwa moja kama auonavyo akiwa Moshi, Kibo kushoto na Mawenzi kulia. Akiinua karatasi atakuta Mawenzi imehamia kushoto, kama waionavyo walioko Amboseli!

Kibao cha mistari kikishakamilika, kinatolewa nakala za kuchongea vibao vya rangi, kimoja kwa kila eneo la rangi. Ili rangi zisipishane, pembeni mwa kila kibao huchongwa alama mbili, moja ya kona na nyingine ya ukingo, na karatasi hukaa hapo kila inaporudi. Karatasi yenyewe, ya nyuzi za mforosadi, hutunzwa ikiwa na unyevu mpaka rangi ya mwisho ipite. Ikikauka katikati ya kazi husinyaa, na alama zile hazitakusaidia tena. Rangi ni ya maji, huchanganywa na gundi ya wali na kupakwa kwa brashi, kisha mgongo wa karatasi husuguliwa kwa kisugulio cha duara kilichovikwa ganda la mwanzi.

Ufundi ninaoustahi kuliko wote ni wa kufifisha rangi. Mchapaji hulowesha kibao, huweka rangi upande mmoja tu, halafu huivuta kwa brashi hadi itoweke. Kwa njia hiyo anga hutoka buluu nzito juu ikaishia weupe mtupu kwenye upeo, bila mstari wowote kuchongwa. Huwezi kupata nakala mbili zilizofanana kabisa.

Yoshida aliusukuma ufundi huo mpaka mwisho. Mwaka 1926 alichapa mashua za matanga za Bahari ya Seto kwa vibao vilevile lakini rangi tofauti, akapata asubuhi, alasiri, ukungu, jioni na usiku. Sphinx aliitoa ya mchana na ya usiku. Ile ya mchana, niseme wazi, ingefaa postikadi. Ya usiku ndiyo inayonifanya niamini kwamba alikaa pale. Baada ya safari ya India ya 1930 na 1931, aliyokwenda na mwanawe Toshi, bustani ya Taj Mahal nayo ikapata mchana wake na usiku wake. Toshi alikuja baadaye kuchapa wanyama pori wa Afrika na kuwatungia watoto vitabu vya picha juu yao.

Anayetaka kujaribu hahitaji mcheri. Kipande cha lino, patasi ndogo na mgongo wa mwiko wa mti vinatosha kuanzia. Chonga mandhari moja ya safari yako, chapa nakala chache kwa wino mweusi, halafu osha kibao na uchape nyingine kwa buluu iliyofifishwa kuelekea chini. Zitundike pamoja, ukazitazame siku ya pili. Wiki ijayo tutazungumzia karatasi, kwani ile ya dukani inayotumika kwa mashine za ofisini haitakufaa.