Gari kuukuu la Mjapani: Rafiki wa familia au mzigo?

KILA siku alfajiri, kabla wajukuu wake hawajamaliza kunywa chai, mzee mmoja wa mtaa wa Kahawa Magharibi jijini Nairobi huwa tayari ameinua boneti ya gari lake. Huchomoa kijiti cha kupimia oili, akakipangusa kwa kitambaa, akakitumbukiza tena na kukitazama kwa makini kama daktari anayesoma kipimajoto. Halafu hutazama maji. Ni baada ya hapo tu ndipo huketi kwenye usukani.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla aina ya KE70, lile lenye umbo la sanduku ambalo vijana wa leo huliona kama kitu cha makumbusho. Mzee huyo, ambaye ni mwalimu mstaafu, alilinunua mwaka wa 1988 likiwa tayari limetumika na mtu mwingine. Watoto wake wanne walipelekwa shuleni kwa gari hilo. Siku hizi ni zamu ya wajukuu.

“Majirani hunicheka,” alimwambia mwandishi huyu huku akitabasamu. “Lakini miaka yote hii sijalala njiani hata usiku mmoja. Waulize wenye magari mapya kama wanaweza kusema hivyo.”

Msomaji, bila shaka nawe unalijua gari la aina hiyo. Huenda ni la baba, la mjomba, au ni lako mwenyewe kwa sababu ndilo uliloweza kumudu. Kuna wanaoapa kwamba magari ya zamani ya Kijapani hayafi. Kuna na wengine ambao wakisikia neno hilo hutikisa kichwa, maana wao yamewafilisi. Je, nani anasema kweli?

Baada ya kuzungumza na wenye magari hayo na mafundi wanaoyatengeneza, jibu lililojitokeza ni kwamba pande zote mbili zasema kweli. Tofauti yao haiko kwenye gari. Iko kwa mwenye gari.

Sifa zilikotoka

Wakenya hawakuanza kuyaamini magari ya Kijapani jana. Mnamo mwaka wa 1970, Datsun 1600 SSS iliibuka mshindi wa mashindano ya Safari Rally, mashindano ambayo yalijulikana duniani kote kwa kuvunja magari. Datsun ilishinda tena mwaka wa 1971 na 1973. Joginder Singh naye alishinda kwa Mitsubishi Lancer mwaka wa 1974 na 1976. Kisha Shekhar Mehta akanyakua ushindi mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, akiendesha Datsun.

Watu waliosimama kando ya barabara wakirushiwa matope na magari hayo walirudi nyumbani na jambo moja akilini: ikiwa gari hili laweza kuvumilia matope na mawe yale, litashindwaje na barabara ya kwetu?

Katika miaka ya 1990, serikali ilipolegeza masharti ya biashara na ya fedha za kigeni, magari ya mtumba kutoka Japani yalianza kumiminika katika bandari ya Mombasa, mengine yakipitia Dubai. Familia ambazo hazikuwahi kuota kumiliki gari zikajikuta na Corolla au Sunny nje ya mlango. Kwa kuwa Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, usukani ulikuwa mahali pake.

Aidha, huko Japani gari la kibinafsi hukaguliwa kwa lazima likifikisha miaka 3 tangu liwe jipya, na baada ya hapo kila miaka 2. Ukaguzi huo una gharama, na watu wengi huona afadhali kuliuza gari ambalo bado lina nguvu. Hivyo ndivyo gari linalochukuliwa kuwa limezeeka huko linavyofika hapa likiwa bado kijana.

Fundi mmoja mwenye gereji karibu na Barabara ya Kirinyaga, ambako wengi bado hupaita Grogan, anaongeza sababu nyingine. Anasema magari hayo yaliundwa kwa njia rahisi kueleweka.

“Injini ya 4K iliyo katika KE70 ni sisi 1,290 na ina kabureta. Ukiinua boneti unaona kila kitu, na mkono unafika,” alieleza. “Hata zile zilizokuja baadaye zilikuwa na huruma. Injini ya 4A-FE, mkanda wa taimingi ukikatika, gari huzima tu. Katika injini nyingine nyingi, mkanda ukikatika vali hugongana na pistoni, na hapo umekwisha.”

Kifuniko kilichokula karo

Hata hivyo, huruma ya injini ina mpaka. Mwulize muuguzi mmoja wa Buruburu, mama wa watoto watatu, ambaye ana Corolla aina ya AE100.

Ilikuwa mapema Januari, siku mbili kabla ya shule kufunguliwa. Alikuwa akirudi na watoto kutoka kwa nyanya yao huko Kericho. Walipoiacha Naivasha na kuanza kupanda kuelekea Kinungi, giza lilikuwa limeingia. Hapo ndipo alipoona mshale wa joto ukipanda.

“Niliogopa kusimama gizani na watoto,” alikumbuka. “Nikajiambia nitafika tu pale mbele penye taa. Kumbe ndiyo nilikuwa naliua gari.”

Gari lilizima lenyewe, mvuke ukitoka kila mahali. Dereva wa lori aliwasaidia kulivuta hadi kituo cha petroli, na huko walilala wakiwa wamejikunyata kwenye viti hadi kulipopambazuka. Fundi alipolifungua alikuta silinda hedi imepinda na gaskiti imeungua.

Chanzo cha yote hayo kilikuwa kifuniko cha rediata ambacho mpira wake ulikuwa umekwisha. Kifuniko kipya kingemgharimu shilingi mia chache. Badala yake, mama huyo alitumia karo aliyokuwa amemwekea kifungua mimba wake. Kijana alikaa nyumbani kwa majuma mawili huku wenzake wakisoma.

“Hakunilaumu,” alisema mama huyo kwa sauti ya chini. “Lakini kila asubuhi nikitoka kwenda kazini alikuwa amekaa pale mlangoni na sanduku lake tayari.”

Fundi wa Grogan anasema kisa kama hicho huletwa kwake mara kwa mara. Watu wengi hudhani kazi ya kifuniko ni kuzuia maji yasimwagike tu. La hasha. Kifuniko huyabana maji ili yasichemke mapema. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mahali palipo juu hivyo maji yaliyo wazi huchemka kabla ya kufikia nyuzi 95. Huko Kinungi ni juu zaidi. Kifuniko kikilegea, maji huchemka mapema na kupotea bila dereva kujua.

Kosa la pili lilikuwa themostati. Hiki ni kidude kinachofungua na kufunga njia ya maji kulingana na joto la injini. Fundi mmoja alikuwa amemwambia mama huyo kwamba hapa kwetu hakuna baridi, kwa hivyo kidude hicho hakina kazi, akakitoa na kukitupa. Bila hicho, injini huchelewa kupata joto linalofaa na hunywa petroli zaidi, na ugonjwa halisi wa rediata hufichika hadi siku ya mlima.

Kosa la tatu ni maji ya mfereji. Dawa ya rediata huzuia kutu ndani ya injini na pia huyafanya maji yachelewe kuchemka. Anayetia maji matupu miaka nenda miaka rudi anaila injini yake kutoka ndani.

Na je, mshale wa joto ukipanda ukiwa safarini? Egesha gari mahali salama palipo karibu zaidi, zima injini na ungoje ipoe. Usifungue kifuniko kikiwa moto, kwani maji yatakurukia usoni.

Rahisi huwa ghali

Magari hayo yana baraka moja kubwa: spea zake zapatikana karibu kila mji. Lakini baraka hiyo imekuja na balaa lake, yaani spea bandia. Filta ya oili isiyochuja na padi za breki zinazokwisha kwa miezi miwili huuzwa katika visanduku vizuri vyenye majina makubwa.

“Mteja akiambiwa bei tatu, huchagua ile ya chini,” alisema fundi huyo. “Halafu baada ya miezi mitatu anarudi akisema Toyota za siku hizi ni mbovu. Toyota ni ile ile. Ni filta iliyobadilika.”

Ushauri wake ni kwamba uende dukani na kile kipande cha zamani mkononi, ulinganishe uzito na maandishi, na udai risiti. Kwa baadhi ya vipande, spea ya mtumba iliyotolewa katika gari la Japani huwa bora kuliko mpya ya bandia. Lakini asionye mtu kwamba hakuambiwa: padi za breki, mipira na mikanda yafaa inunuliwe mipya na halisi.

Kudumu si usalama

Kuna jambo ambalo wapenzi wa magari hayo hawapendi kulisema. Gari laweza kuwaka kila asubuhi na bado likawa hatari kwa watoto.

Dereva mmoja wa teksi mjini Mombasa aliliendesha gari lake la Nissan Sunny kwa miaka mingi bila tatizo la injini. Siku moja akiteremka kuelekea feri ya Likoni alikanyaga breki, kikanyagio kikazama hadi chini. Paipu ya mafuta ya breki ilikuwa imeliwa na kutu mpaka ikatoboka. Aliponea kwa kuvuta breki ya mkono na kulisugua gari kwenye ukingo wa barabara.

“Injini ilikuwa inaimba kama kinanda,” alisema. “Kumbe chini kulikuwa kunaoza.”

Hewa ya chumvi ya Pwani huleta kutu upesi, lakini hata wa bara hawajasalimika, kwani matope hujificha chini ya gari na kukaa na unyevu. Aidha, magari mengi ya miaka ya 1980 hayana mifuko ya hewa wala breki zisizokwama magurudumu, na mengine mikanda ya viti vya nyuma ilipotea zamani. Mikanda hiyo yaweza kurudishwa, na mwenye watoto asingoje.

Matairi pia hudanganya. Yaweza kuwa na meno mazuri lakini mpira umezeeka. Tazama tarakimu nne za mwisho zilizopigwa ubavuni: 2319 maana yake tairi lilitengenezwa juma la 23 la mwaka wa 2019.

Ni lini useme kwaheri?

Kijana mmoja wa Kasarani, mwanafunzi wa chuo, aliachiwa na babake Nissan Sunny aina ya B12. Injini yake bado ni nzima. Lakini taa moja ya mbele ilipovunjwa na mwendesha bodaboda, alizunguka mji kwa majuma matatu akitafuta nyingine. Kampuni ya bima nayo ilikataa kulikatia bima kamili kwa sababu ya umri wake. Kampuni nyingi husita hivyo, na mwenye gari kuukuu hubaki na bima ya kufidia wengine tu.

“Nalipenda kwa sababu ni la baba,” alisema. “Lakini mapenzi hayanunui taa.”

Kanuni ya fundi ni nyepesi: injini na gia hutengenezeka, lakini sakafu na nguzo za gari zikishaoza, usitupe pesa. Uza, au livunje spea.

Kwa anayetaka kununua, jambo hili ni la kukumbuka. Kwa miaka mingi sasa Kenya imekataza kuingizwa kwa gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hivyo gari la miaka 20 au 30 unalouziwa leo limeishi hapa hapa kwetu kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Liliyoyapitia yako hapa. Uliza nani aliliendesha, nani alilitengeneza, na kama kuna maandishi.

Mwalimu mstaafu wa Kahawa Magharibi anayo maandishi. Kwa kuwa mita ya kilomita ya gari lake ilikufa zamani, yeye huhesabu kwa kalenda: oili na filta kila baada ya miezi 4, bila kungoja. Yote huyaandika katika daftari la shule la kurasa 200. Hilo alilomwonyesha mwandishi huyu ni la tatu.

Katika kurasa za mwisho hati imebadilika. Ni ya mjukuu wake wa kike aliye darasa la saba, ambaye sasa ndiye anayeshika kalamu huku babu akisoma kijiti cha oili.

“Nikifa wataligawana vipi gari moja, sijui,” mzee alisema akifunga boneti. “Lakini daftari ni lake. Atakayelipata gari bila daftari amepata chuma tu.”